Mkeka juu ya shimo la dirisha

Tamim,
Nimempeleka bibi yako kliniki. Hajambo, usitishike, kachubuka goti tu.

Asubuhi nilitandika mkeka juu ya shimo la dirisha, lile lililochimbwa nje mbele ya dirisha la chumba cha chini ya ardhi, mchanga usiingie. Bibi akadhani katandikiwa yeye, akaja kukaa na ungo wake wa mchele. Mguu ukazama! Alhamdulillahi, alishika ukingo. Yeye kacheka, mimi nikalia.

Kile kifuniko cha chuma ulichokilaza gereji tangu Shaaban, kifunge leo. ~~Tia na kufuli.~~ La, usitie! Dada yako analala chumba hicho cha chini. Moto ukitokea, atatokea dirishani hapo. Kifunguke kwa ndani.

Bibi kaapa: hakai tena juu ya mkeka wangu mpaka nitangulie kukaa mimi.

Mama yako