Mume Wangu Anakula Peke Yake Mezani

Mpendwa Bi Hadiya,

Nakuandikia moyo umenijaa, naomba unisaidie kabla sijampoteza mume wangu, maana nampenda na sioni aibu kulisema. Naitwa Kuluthum, tunakaa Bondeni hapa Nakuru, mume wangu Alamin ni fundi cherehani, na mwaka jana alitokewa na uvimbe juu ya goti la kulia, tukadhani ni jipu, tukaukanda kwa maji moto mpaka akashindwa kukanyaga, ndipo tukapanda gari la moshi hadi Nairobi, na daktari mpasuaji akatuambia uvimbe uko ndani ya mfupa wenyewe na mfupa huo lazima utoke, ila mguu anaweza kuuokoa akitia chuma mahali pa mfupa, lakini goti halitakunjika tena maisha. Tukakubali. Alilala wiki kumi, akarudi na mguu wake, mfupi kidogo na umenyooka kama mpini wa jembe, lakini ni mguu wake, fundi viatu akamwongezea soli, na sasa cherehani anaikanyaga kwa mguu wa kushoto na mishono yake ni ileile ya zamani.

Shida, Bi Hadiya, ni chakula. Sisi tulikuwa tunakula sinia moja mkekani, yeye, mimi na watoto wetu watatu, na siku aliyorudi alikaa nasi, ikabidi aunyooshe mguu kuelekea chakula, na unajua kwetu kumwelekezea mtu wayo penye chakula si adabu, nikamwona anavyoona haya, roho ikaniuma, basi kesho yake nikaazima meza na kiti kwa jirani, nikatandika kitambaa nilichodarizi mwenyewe, nikamwekea sahani yake na kijiko, nyama nzuri zote kwake, sisi tukabaki chini. Tangu hapo anakula matonge mawili matatu anasema ameshiba, kiuno cha suruali amekipunguza mara mbili kwa mkono wake mwenyewe, na kinachonichoma zaidi ni kwamba Dualeh, mwenye hoteli pale kona, anasema mume wangu akipita kwake hula sambusa nne, amesimama na wenzake wanacheka. Je, mapishi yangu yameharibika? Au chuma kinamla ndani? Au uvimbe umerudi naye ananificha? Daktari alitaka arudi kila miezi mitatu apigwe picha ya mfupa, na mwezi uliopita hakwenda, nikimwuliza anasema, "Niache, mama watoto, nimechoka kutazamwa." Juzi Safiyo wetu wa miaka mitano ameniuliza kama baba ni mgeni, nikamnyamazisha. Nifanye nini?

Kuluthum, Bondeni


Kuluthum mwanangu,

Safiyo alikupa jibu nawe ukamnyamazisha. Mgeni ndiye anayepewa sahani yake peke yake na kitambaa cha kudarizi, halafu watu wakamtazama anavyotafuna. Mtu amelala wiki kumi Nairobi akiwaza mkeka wenu, amefika, wewe ukampandisha mezani kama bwana mkubwa wa shamba kule Molo. Najua ulifanya kwa mapenzi, ndiyo maana nakukaripia polepole. Mapishi yako hayana neno. Kwa Dualeh hafuati sambusa, anafuata watu wa kula nao.

Lakini usifurahi mapema. Mimi si daktari, na sambusa si kipimo. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kurudi, na chuma kinaweza kulegea kimya kimya kabla maumivu hayajaanza, ndiyo sababu ya zile picha. Kukonda kwake huenda ni upweke, huenda ni jambo lingine, na hakuna wa kulijua kwa kukitazama kiuno cha suruali. Wiki hii pandeni treni nyote wawili. Usimwambie "nenda", mwambie "twende". Akisema amechoka kutazamwa, mwambie nawe umechoka kukisia, na umwambie vile ulivyoniambia mimi, kwamba unampenda na unaogopa. Kwa nini nilijue mimi kwanza, nisiyemjua hata sura?

Chakula nacho kisingoje safari. Leo hii rudisha meza ya watu. Tandika mkeka karibu na ukuta apate kuegemea, mshike mkono akishuka, mwekee mto chini ya paja, aunyooshe mguu wake. Adabu ya kukunja miguu ni ya wenye magoti yanayokunjika. Waambie watoto mara moja tu, mbele yake, kwamba mguu wa baba umenyooka hivyo kwa sababu uliokolewa, kisha msiutaje tena. Kijiko kirudi kabatini. Sinia lisogee mpaka alipo yeye, na nyama zigawanywe kama zamani, hata akipata mfupa.

Na upande ule wayo wake unaoelekea, pale mtu mwingine angeona amedharauliwa, kaa wewe.

Hadiya