Angelina na Wimbo Uliouacha Bila Maneno

Mwaka umetimia, Angelina, tangu homa ya siku nne ikuchukue hapa nyumbani Mkuyuni, gitaa lako likiwa limeegeshwa kando ya kitanda.

Ulikuwa na moyo wa kutoa hadi ukatuudhi. Vitenge vyetu uliwagawia watu usiowajua, kisha ukatuuliza kwa nini tumenuna. Maharage ulichambua huku ukiimba, na mawe ukatuachia tuyatafune sisi.

Miaka yote ya kuimba harusini uliimba nyimbo za watu. Halafu Altaf, mwenye studio nyuma ya duka la vitambaa la baba yake mjini, akakuuliza: "Dada Angel, sauti unayo. Wewe mwenyewe uko wapi?" Siku hiyo ulirudi ukakataa kula. Albamu yako ya kwanza ilianzia hapo, na kizaazaa chake pia.

Ulirekodi wimbo wa mwali, ule tunaofundishwa wasichana tukiwekwa ndani, ambao mwanamume hatakiwi kuusikia. Yalikuwa majaribio tu, lakini Altaf kwa furaha yake akawarushia marafiki kwenye simu. Wiki haikuisha, mjomba Kasimiri akausikia sokoni.

Alishuka mjini siku ile ile, mimi na mama nyuma yake, akakukuta studio. Shikamoo yako hakuipokea. "Ufute," alisema. "Ukiutoa huo, usinitaje tena kuwa mjomba wako."

Sisi Waluguru tunajua, mjomba akikukana ni ukoo umekukana. Tuliogopa sana. Mama alikusihi uiache albamu yote. Wewe ukajibu, "Mjomba, bila huo mimi sina wimbo wangu."

Kisha ukayafuta maneno yote mbele yake. Ukabakiza ngoma na sauti yako ikiguna tu, dakika nne nzima. Altaf alilalamika kwamba watu watadhani simu zao zimeharibika. Lakini mwanamke aliyewahi kuwekwa ndani anajua pa kuingilia, na maneno anayaimba mwenyewe kimoyomoyo. Hapo ndipo ulipojipata, mdogo wangu.

Mjomba hakulainika. Alikaa mwezi mzima bila kukusemesha, ukafariki mkiwa hivyo hivyo. Hilo linatuuma hadi leo, na yeye linamuuma zaidi.

Jumamosi iliyopita, baada ya misa yako, alimwambia mwanao Rahel auweke wimbo ule. Halafu akachukua kofia, akawaita wanaume wote, wakatoka hadi barabarani. Tukauimba kwa sauti, maneno yote, tukilia. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Aliniomba jambo moja tu kuhusu tangazo hili: jina lake litangulie, na lisemwe yeye ni nani kwako.

Unakumbukwa na mjomba wako, Kasimiri, mama yako, mwanao Rahel, Altaf wa studio, nami dada yako Anastasia, niliyeandika haya.

Maisha yetu yote tutakukumbuka.