Ukoko wa Lori la Baba

Nahud,
Jumapili, msimu wa karanga

Kwa Dada yangu mpenzi Batul,

Salamu za amani zikukute huko Kosti wewe, shemeji Idris na wanao wote, na zikukute umepona kile kikohozi ulichokitaja katika barua yako ya mwisho. Mke wangu Ihsan anasema ujifukize maganda ya mgunga asubuhi na jioni. Mimi nasema uende hospitali. Chagua mwenyewe, ila usikae nacho tu.

Sisi hapa hatujambo. Baba naye hajambo kwa kadiri ya hali yake. Mkono na mguu wa kulia bado vimelala, na tangu kiharusi kile ulimi wake haujarudishiwa zaidi ya neno moja, "haya". Akitaka maji ni haya, akitaka kugeuzwa ni haya, na akimfukuza mgeni anayekaa mno ni haya vilevile. Tumezoea kumsoma macho.

Ukiona alama nyeusi pembezoni mwa karatasi hii, si wino uliomwagika. Ni vidole vyangu. Nimevisugua kwa sabuni na mchanga tangu jana na bado viko hivi hivi, na leo wanafunzi wangu wamenicheka darasani. Sikuwakataza. Nina habari kubwa ya kukupa, dada, na nitaianza mwanzo.

Unajua kwamba Haji Mudathir, yule mfanyabiashara wa karanga, alikuwa alinunue lori la Baba. Basi Jumatano alikuja na dereva wake kulijaribu. Walilipeleka kwenye kilima cha mchanga cha Umm Labasa likiwa tupu, halina hata gunia moja, na halikufika nusu ya mwinuko. Lilikuwa likigonga ndani kama mtu anayepiga nyundo kwenye sufuria, likitoa moshi mweusi, na waliporudi uani dereva akazima ufunguo, injini ikakataa kuzimika. Ikaendelea kukohoa yenyewe, kho, kho, kho, ufunguo ukiwa mkononi mwa dereva. Watu waliokuwa mlangoni wakacheka. Haji akaniambia, "Ustadhi, hili si lori, ni jiko la kuni lenye magurudumu." Akasema bei ya kwanza haipo tena, angelichukua kama chuma chakavu, alikate auze vipande. Angekuja Jumamosi na karatasi za kutia sahihi.

Baba alisikia yote akiwa kitandani pake chini ya kivuli cha rakuba, kibanda chetu cha nyasi. Walipoondoka, akajiburura. Dada, mtu yule hajatembea peke yake tangu mwezi wa Rajabu, lakini alishika ukuta kwa mkono wa kushoto, akafika kwenye lori na kugonga boneti. Akanitazama, akagonga tena. Nilimwambia, Baba, limekufa. Akatikisa kichwa kwa hasira, akachota kwa kidole masizi kwenye ncha ya bomba la moshi na kunipaka shavuni.

Nilidhani amechanganyikiwa. Ihsan ndiye aliyeelewa. Alisema Baba anatuambia injini haijafa, imejaa uchafu, na sufuria yenye ukoko haitupwi, inakwanguliwa. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu wa sarufi, sijui hata bolti inafunguliwa upande gani. Akaniambia, "Kila siku unawafundisha watoto kuchambua sentensi neno moja moja, kisha kuirudisha kama ilivyokuwa. Basi chambua hiyo injini."



Alhamisi baada ya shule tukaanza. Tulikisogeza kitanda cha Baba hadi karibu na boneti, nami nikatandika mkeka mpya wa Ihsan, jambo lililoleta ugomvi mdogo. Nilimwaga maji ya rejeta, nikafungua kabureta, mabomba, plagi na kifuniko cha juu. Kila kilichotoka nilikilaza mkekani kwa mpangilio wake na kukiandikia namba kwa chaki. Nikishika bolti isiyo yake, Baba alipiga ulimi, tsk, nami nikaiacha. Hivyo ndivyo tulivyozungumza jioni nzima, na nakuapia hatujawahi kuzungumza sana hivyo miaka yote.

Habari ilienea mjini, kama unavyoujua mji wetu. Kabbashi mwoka mikate alikuja kusaidia kuinua silinda hedi, kile kichwa cha chuma cha injini, maana ni nzito, na mikono yake imezoea magunia ya unga. Lakini hakunyamaza hata kidogo. Alisema, "Ustadhi, hiyo mikono ya chaki, angalia isije ikayeyuka kwenye mafuta ya taa." Na mwingine kutoka nje ya ua akauliza kama injini ni jina au kitenzi. Nikamwambia kwa sasa ni jina, asubiri Jumamosi itakuwa kitenzi. Walicheka, na safari hii nilicheka nao.

Tulipoinua ile silinda hedi, sote tuliinama kutazama. Vichwa vya pistoni zote sita vilikuwa na ganda jeusi, gumu, lenye nyufa kama udongo wa bwawa la hafiri maji yakikauka. Valvu zilikuwa zimevaa koti la masizi, huwezi kuona chuma. Ndiyo maana lilikuwa halipumui. Ndiyo maana halikuzimika pia: Kabbashi alisema ganda lile hubaki linawaka kama kaa, likawasha petroli lenyewe bila plagi.

Ijumaa, baada ya sala, tulikwangua. Baba hakuniruhusu kutumia kisu wala bisibisi, visije vikachubua chuma. Ihsan akatoa mwiko wake wa kusongea asida, tukauchonga ncha, na kwa sehemu ngumu nikatumia kipande cha shaba kilichopondwa. Tuliziba matundu yote kwa matambara, tukalowesha ukoko kwa mafuta ya taa, tukausubiri ulainike, tukakwangua, tukafuta, tukalowesha tena. Nilipofika ukingoni mwa pistoni ya kwanza Baba alinishika kifundo cha mkono. Sikuelewa. Akachora duara mchangani kwa kidole, kisha duara jingine ndani yake, akafuta la ndani na kuacha la nje. Nikaelewa kwamba pale ukingoni uachwe mkanda mwembamba wa ukoko, usiguswe, unazuia oili kupanda. Hilo hata Kabbashi hakulijua.

Valvu ndizo zilizonimaliza. Kila moja inasagwa kwenye kiti chake kwa dawa yenye chengachenga, unazungusha kijiti kati ya viganja kama mtu apekechaye moto, hadi chuma kitoe mduara wa kijivu usiokatika. Valvu kumi na mbili, dada. Viganja vyangu viliota malengelenge. Dawa hiyo na gasketi mpya vilikuwa kwenye sanduku la Baba, vimefungwa gazeti la mwaka aliokwenda Hija. Kumbe alikuwa akijua zamani kwamba siku hii itafika, ila mwili ukamwangusha kwanza.

Jumamosi niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Tulirudisha kila kitu, bolti tukazikaza kutoka katikati kwenda nje, kidogo kidogo, mizunguko mitatu. Haji Mudathir alifika na karatasi zake kabla ya adhuhuri, akakuta nusu ya mtaa uani. Nikawasha. Injini ikapiga chafya, ikatapika moto kwenye kabureta, ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Haji akatoa kalamu.

Baba alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Akainua vidole vitatu, kisha viwili. Nikatazama nyaya za plagi. Ya tatu nilikuwa nimeiweka kwenye ya pili, na ya pili kwenye ya tatu. Mimi, mwalimu wa mpangilio wa maneno! Nikazibadilisha na kuwasha tena.

Dada, natamani ungeisikia. Ilikuwa sauti ile tuliyokuwa tukiisikia kutoka mbali tukiwa wadogo, tukakimbilia barabarani kabla vumbi halijaonekana. Nikazima ufunguo na ikazimika palepale, kimya, kama mtoto aliyeambiwa nyamaza. Kabbashi akasema, "Haji, rudisha kalamu yako mfukoni." Haji akasema sauti nzuri hata redio inayo, kazi ni mchanga. Nikamwambia basi apakie karanga zake, magunia hamsini, twende Umm Labasa. Likikwama, alichukue kwa bei ya chuma. Likipanda, achane karatasi zake na alikodi msimu mzima. Akakubali mbele ya watu.

Tulimbeba Baba tukamkalisha kiti cha mbele, kushoto kwangu. Niliendesha mwenyewe, ingawa nilikuwa sijaendesha mchangani tangu nilipooa. Chini ya kilima nikaingiza gia ya pili. Lori likazama kidogo, likajikaza. Nilitaka kupunguza moto. Baba akatoa mkono wake wa kushoto nje ya dirisha na kuanza kuupiga mlango, pa, pa, pa, kama mtu anayemhimiza ngamia, nami nikakanyaga. Halikugonga wala kukohoa. Tulifika juu na magunia yote hamsini, na watu walikuwa wakitukimbilia nyuma huku viatu viko mikononi. Haji alichana karatasi zake, tena kwa utulivu wa kiungwana, nami nimemheshimu kwa hilo. Wanawake walipiga vigelegele. Ihsan alidai mwiko mpya hapo hapo.

Sasa, dada, nifike kwenye jambo linalonifanya niandike kwa mkono mzito.

Mwezi wa Shaabani nilikuandikia kwamba nilimuuliza Baba kuhusu kuuza lori, na kwamba alijibu "haya". Wewe ulikuwa umekataa katakata. Kwa ajili ya neno hilo ukakubali, na ulisema ulilia. Baba hakulisema. Nilimuuliza, akageuza uso ukutani. Siku hiyo alininyima hata neno lake moja. Nami nikakuandikia uongo, kwa hati nzuri.

Sikusukumwa na shida. Nililionea lori wivu. Tangu utotoni Baba aliijua sauti ya injini ile kuliko alivyoijua yangu, na alipoanguka nikaona ni zamu yangu kulitoa uani. Hiyo ndiyo kweli, wala sina la kulipamba.

Jana tulipofika juu ya kilima, kabla wengine hawajatufikia, nilimweleza Baba yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipiga kofi la shingoni, si kali, si la mchezo pia, akachukua spana iliyokuwa miguuni pake na kuniwekea mapajani, akiielekeza kwenye boneti. Bolti za silinda hedi hukazwa tena baada ya injini kupata moto. Nikashuka nikazikaza, yeye akihesabu kwa vidole.

Yeye amemaliza nami. Wewe bado, na sikuombi uharakishe. Niandikie kwa hasira yote uliyonayo, lakini niandikie. Lori likipeleka karanga kwenye reli ya Obeid mwezi ujao, Baba anataka kuwamo, na kwa macho yake naona anataka kufika hadi kwako.

Ihsan na binti yetu Salwa wanakusalimu sana. Kabbashi anamsalimu shemeji na kumkumbusha ahadi ya samaki mkavu. Baba amekaa hapa pembeni, kucha zake nyeusi kama zangu, na amekubali kuweka kidole chake chini ya barua ili ujue kwamba safari hii nilichokiandika amesomewa chote.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Muzzammil Dafallah