Maji ya Kwanza Chini ya Mlimau

Mama,

Shikamoo. Leo asubuhi nimefua vitambaa vya altare. Najua umeshtuka hapo ulipo. Mimi, Mlutheri wako mkaidi, nimevifua vitambaa vya Wakatoliki wa Kilwa Masoko kwa sabuni ya mche na kwa mikono hii hii uliyoifundisha kwa makofi. Katekista alikuja jana na mfuko, akakaa kibarazani akizungusha maneno weee, mwisho akasema hakuna mwingine kanisani anayejua ulivyokuwa unafanya. Nikamwambia aniachie. Alipoondoka nililia, halafu nikaenda kutafuta mabeseni yako.

Yote matatu yapo. La bluu bado ni la maji ya kwanza, halijaogeshewa mtoto wala kulowekewa dagaa. Nimevisuuza humo vile vitambaa vidogo vya kufutia kalisi, kikombe cha divai ya misa, na maji yake nimeyamwaga chini ya mlimau. Tangu nina miaka saba ulinieleza kwamba huenda kuna chembe ya Mwili wa Bwana kwenye uzi wa kitambaa, na Bwana hatupwi mtaroni pamoja na maji ya samaki. Nami nasuuza, nakuonyesha, unainua kitambaa juani unasema, "Rudia." Miaka yote ile sikusikia neno lingine kutoka kwako kuhusu kufua kwangu.

Nilipoolewa nikahamia kwa Walutheri, hukugomba. Uligomba siku uliponitembelea kanisani kwetu ukanikuta, mzee wa kanisa mzima, narudisha kwenye chupa divai iliyobaki baada ya Chakula cha Bwana. "Mnamrudisha Bwana kwenye chupa?" Nikakujibu kwamba na sisi tunaamini Bwana yupo kweli, pamoja na mkate na divai, pale watu wake wanapokula na kunywa. Ibada ikiisha, iliyobaki ni divai. Ukasema Bwana siyo mgeni wa kupiga hodi na kuaga. Siku nne hukunisemesha!

Deo, mdogo wangu aliyeokoka, akatukutanisha nyumbani kwako atupatanishe, akaharibu zaidi. Eti vyote ni ukumbusho, mkate ni mkate, tunagombana bure. Hapo tukamgeukia sote wawili. Jirani yako Bi Somoe akasikia zile kelele, akapaza sauti toka upande wa pili wa ukuta: "Nyie Yesu wenu si mmoja? Basi kuleni mnyamaze!" Ulicheka mpaka ukakaa chini, na mimi nikajua nimesamehewa.

Lakini leo nataka nikuandikie ile asubuhi yako ya mwisho. Ulikuwa huwezi tena kusema, na mimi sikukwambia nilichokuwa nawaza.

Padre alikuja kwa bodaboda, akakupaka mafuta ya wagonjwa, akakupa kipande kidogo cha hostia, mkate wa komunyo, na kijiko cha maji. Kisha akawahi kwa mgonjwa mwingine, njia ya Kiswere. Hata mlio wa pikipiki ulikuwa haujapotea ukakohoa, na kipande kikaangukia kwenye kanga, hapo kifuani. Ulikitazama. Halafu ukanitazama mimi.

Mama, niliogopa. Nikikila, nitakuwa nimesema Amina kwa imani nisiyoikiri, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hasemi uongo mbele ya altare. Nikikikung'uta, nitakuwa nimekunyang'anya kitu ulichokiishi maisha yako yote, tena wakati huwezi hata kunikemea. Deo akanyoosha mkono. "Dada, pangusa tu, ni ukumbusho." Hakusema kwa ubaya, alikuwa hajalala siku mbili. Nikamshika mkono.

Ndipo nikakumbuka beseni la bluu. Nikachukua kikombe safi, nikatia maji ya uvuguvugu, nikakiokota kile kipande kwa ncha ya kitambaa na kukitumbukiza. Tukakaa kukisubiri kiyeyuke, mimi na Deo. Kilichukua muda. Akaniuliza yale maji nayapeleka wapi, nikamwambia mlimauni.  Halafu, Mama, huyo huyo Deo wa ukumbusho akashika kitanda chako, akakigeuza peke yake taratibu mpaka kikaelekea mlangoni, ili uone. Hakuna aliyemtuma. Nilijivunia yule kijana kuliko siku zote za maisha yake.

Nikamwaga kidogo kidogo pale shinani, ukiniona. Nikarudi nikakuonyesha ndani ya kikombe, kama nilivyokuwa nakuonyesha vitambaa utotoni. Ulikikagua muda mrefu. Nilikuwa nangoja utikise kichwa, nirudie. Hukutikisa. Uliniwekea kidole gumba kwenye paji la uso, ukaniandikia msalaba, ukafumba macho. Adhuhuri ukaondoka.

Siku ya kukuzika kanisa lilijaa. Bi Somoe alikuja na wanawake wote wa mtaa wetu, wakakaa kibarazani kwa heshima na buibui zao. Wakati wa komunyo mimi na Deo tulibaki kwenye benchi. Nilisikia minong'ono nyuma yangu, eti si angepokea tu leo kwa ajili ya mama yake. Iliniuma, Mama. Rafiki zako wote walinipita wakienda mezani kwako, na mimi nimekaa. Ila niliinua kichwa. Ningepokea siku ile kwa kukuridhisha, ningekuwa nimekuzika na uongo, na wewe hukunilea hivyo. Najivuna kuwa mwanao.

Imani yangu haijabadilika, usije ukashangilia huko. Ila nilizungumza na mchungaji na wazee wenzangu, na siku hizi divai ikibaki tunainywa palepale, hakuna kinachorudi kwenye chupa. Usinicheke. Hukushinda yote, umeshinda nusu.

Mlimau haujambo, umechanua. Bi Somoe anafukuza kuku wasichakure pale chini. Ukimuuliza anasema, "Hapo pa mwenzangu." Deo alitaka kujenga bafu upande ule, akapima kabisa kwa hatua, halafu akarudi mwenyewe akasema atalijenga kwingine.

Nakuahidi vitambaa nitavifua mimi mpaka apatikane binti wa kanisani kwenu mwenye subira, nimfundishe kama ulivyonifundisha, bila makofi. Na maji ya kwanza yatakwenda mlimauni, nikiwa Mlutheri vilevile.

Pumzika, Mama. Vimekauka sasa. Kabla ya kuanza kuandika nilikiinua kimoja juani, nikaona kona haijatakata vizuri.

Nakwenda kurudia.

Mwanao