Kaseti Isiyoandikwa Jina

Ibra, Omani, 3 Machi 1984

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumai u mzima na miguu imepunguza kuuma. Sisi alhamdulillahi.

Harub anakuja huko Unguja Ijumaa, nimempa kaseti yako. Safari hii sikuzungumza, nimeimba. Nyimbo tatu, nimejifungia stoo na magunia ya tende. Wasikilizishe wa klabu yenu ya taarabu. Wakinitaka, andika kuwa unaumwa. Thuwaini si mume mbaya, kwa mgonjwa atanipa ruhusa ya kuja, lakini kwa kuimba hata nisijaribu.

Kwa jirani Shukriya tumeona video ya Kimarekani. Msichana anataka kuimba, mwanamume anamcheka, kisha anamsikia, kwisha habari yake. Wenzangu walicheka, mimi nililia. Nataka kuimba mbele ya watu, hata mara moja.

Mwanao,
Fakhriya

Unguja, 2 Aprili 1984

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ndiyo ile ile, nashukuru. Nyote hamjambo?

Umenitia aibu. Nilikusanya klabu nzima, kahawa na visheti, nikaweka kaseti. Akatoka mumeo, anamsalimu baba yake wa Sur na kumweleza habari za mbuzi, upande mzima! Mpiga fidla akauliza hao mbuzi wanaimba sauti gani. Kaseti zenu mngeziandika majina. Yako iko wapi?

Mama yako mdogo

Ibra, 18 Mei 1984

Mama Mdogo,

Shikamoo. Naomba u salama. Mimi mwili hauna ugonjwa.

Yangu alipelekewa baba mkwe. Wanaume wote barazani waliipenda. Thuwaini akadhani yake ilibadilishwa dukani iliponunuliwa, akaichukua kwa baba yake, akaiweka garini, na kila Alhamisi tukienda Sur anaipiga. Hajapata kunisikia nikiimba, angenijuaje? Wiki iliyopita akasema, "Laiti ungekuwa na sauti kama hii."

Nilipandwa na hasira. Beti la pili nikaliimba pamoja nayo. Akasimamisha gari, akaitazama redio, akanitazama mimi. Nikangoja, kama kwenye video.

"Nani mwengine anajua ni wewe?"

Nikamwambia, Mama Mdogo tu.

Akapandisha vioo. "Basi imba."

Niliimba mpaka Sur, naye akalia kweli kweli. Kisha akaitia kaseti mfukoni, akasema sauti hii ni neema ya nyumba yake, haitasikiwa na mtu mwengine. Nikamwomba nije kwako. Akasema utaletwa wewe huku.

Jana tulipita polepole soko la Al Kamil, vioo vimepandishwa, naimba kwa nguvu zangu zote. Watu wa kando ya njia waliona mdomo unakwenda tu.

Mwanao,
Fakhriya