Mbwa Aliyeishia Kimilili

Saboti, Kitale
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Mwanao wa mbali anakusalimu, na kabla sijasema langu lolote nataka kujua habari za goti. Linakuruhusu kupanda hadi shambani, au bado unaagiza mboga kwa sauti ukiwa mlangoni? Na wewe shemeji Wakesho, unayemsomea Mama barua hii, asante kwa macho yako. Soma polepole. Mahali pa kuchekesha usiruke kwa sababu ya haraka ya jikoni, na mahali pa huzuni usipalainishe, maana Mama ataisikia sauti yako ikibadilika na atakuuliza.

Mimi ni mzima. Mvua huku imekubali, mahindi yamefika magotini, na matrekta yaliyomaliza kulima ndiyo sasa yanaletwa gereji kwangu na magonjwa yake yote. Ninakula, ninalala. Kwenye simu huwa naishia hapo, kwa sababu kadi inaisha upesi na wewe umesimama nje kwenye baridi ukitafuta netiweki. Tunaulizana mvua na goti, basi. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kuna jambo la mbwa ambalo haliwezi kuenea kwenye kadi.

Unamkumbuka Mwakio, fundi mwenzangu kutoka Mgange, aliyekuletea sukari na shuka alipostaafu mwanzoni mwa mwaka. Tulikuwa tukikaa naye nyumba moja hapa shambani. Jioni tulipika na kubishana kwa Kitaita mpaka majirani wakadhani tunagombana. Alipoondoka nilijiambia sasa nitapata nafasi. Nafasi nimeipata, Mama, mpaka imenizidi. Mchana nasema Kiswahili cha spana na grisi, jioni nafunga mlango na sisemi tena mpaka asubuhi. Siku moja nilijigonga kidole kwa nyundo nikapiga kelele kwa Kitaita, nikashtuka kuisikia sauti yangu mwenyewe. Watu wa hapa ni wema, sina neno nao. Lakini wakianza kucheka kwa Kibukusu au Kisabaoti, mimi nangoja waniambie wanachekea nini, na wakishaniambia wao wamekwisha kucheka.

Wekesa ndiye aliyeliona hilo. Ni dereva wa pikapu ya shamba, mtu wa Bungoma, na mdomo wake haufungi hata akila. Akaniambia, "Fundi, wewe utakuja kuongea na hii trekta mpaka ikujibu. Kuna mzee wetu kule nyumbani anapelekwa Kisumu na msichana wake, juu ya mguu mgonjwa. Mbwa yake haina mtu. Si tuende tuichukue?"

Nilikataa. Wewe unajua nyumbani mbwa alikuwa wa marehemu Baba, mimi nilikuwa wa mbuzi. Lakini Wekesa hakuwa anaomba, alikuwa anatangaza. Akaniambia nibebe kuku mmoja, kwa sababu kwao mbwa hatolewi hivi hivi. Ukimchukua mikono mitupu hawi wako, anabaki wa yule wa kwanza.

Basi Jumamosi tulipeleka viazi Bungoma, kuku wangu yuko miguuni kwenye katoni. Tulipomaliza kushusha tukaenda kwa mzee Wanyonyi. Tulimkuta ameketi mlangoni, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda, na vitu vyake viko nje vimekwisha kufungwa. Chini ya ule mguu alikuwa amelala mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja lina pengo. Jina lake Bosi.

"Hii inasikia Kibukusu tu," mzee akaniambia. "Kiswahili sikuifundisha. Ilikuwa ni mimi na yeye."

Nilimkabidhi kuku. Akampima uzito kwa mkono, akasema ni kuku mzuri, halafu akakaa naye mapajani bila kujua amfanye nini. Yeye mwenyewe alikuwa anaondoka kesho yake, kuku angempeleka wapi? Mwishowe akamwita jirani, akampa. Niliona aibu, Mama, ingawa sikuwa nimekosea kitu. Kisha akaomba gunia, akamvisha mbwa kichwani yeye mwenyewe na kulifunga kwa uangalifu, pua ipate hewa.

"Usimwonyeshe barabara," akasema. "Mkishavuka mto pale Kamukuywa ndio utoe. Akiona njia atarudi, na akirudi atapata nyumba imefungwa. Atakaa hapo nje akiningoja. Si utakuwa umeniua?"

Akainama, akamsemesha mbwa maneno machache kwa lugha yao. Sikuyaelewa, na sikumwuliza Wekesa.

Nilipanda nyuma ya pikapu pamoja na mbwa. Tulipita Chwele akilia, sauti nyembamba inayotoka ndani ya gunia. Kimilili Wekesa akasimama kunywa chai, mimi nikabaki namtazama yule mnyama akitetemeka, nikakumbuka nilivyoletwa huku mimi. Mabasi mawili, yote ya usiku, mapazia yamefungwa, nami nimelala. Nilipoamka naambiwa shuka, hapa ni Kitale. Mpaka leo ukiniambia nirudi nyumbani kwa miguu, sijui nianzie upande gani. Nikaona haifai tuwe wawili. Nikamvua gunia.

Akatikisa masikio. Akakitazama kibanda cha chai, akaitazama barabara ya mbele. Wekesa akatoka mbio na kikombe mkononi.

"Fundi! Mto bado, bana! Ati umeionea huruma? Hii mbwa itakuacha, wewe ngoja."

Kutoka Kimilili mpaka Saboti Bosi hakuketi. Alisimama wima nyuma ya pikapu, pua kwenye upepo, akitazama kila nyumba tuliyopita.

Nyumbani hakula. Nilimpa ugali na maziwa, hakula. Nilimpa nyama, akaisogeza kwa pua asije akaniudhi. Nikimwita kwa Kiswahili ananitazama kwa adabu. Lakini kibarua akipita na kumtupia neno moja la Kibukusu, mkia unapiga chini. Nilimwomba Wekesa anifundishe maneno mawili matatu. Nilipoyasema Bosi aligeuka pembeni na vibarua wakashika mbavu. Niliona wivu, Mama. Mtu mzima na mvi zangu, naona wivu wa mbwa.

Halafu asubuhi moja nikakuta kamba niliyomfungia imetafunwa, naye hayupo.

Sikuwaza hasara yangu. Niliwaza ule mlango uliofungwa kule Bungoma, na yeye amelala nje akimngoja mtu aliye Kisumu. Wekesa hakunicheka, na hilo lilinitia hofu zaidi. Kesho yake tuliomba pikapu tukaenda tukiuliza njiani. Kiminini mama mmoja wa ndizi akasema, "Nimeona hiyo jana. Ilikuwa inaenda tu, ni kama imetumwa." Kamukuywa tukawakuta watu wakiosha baiskeli mtoni, nao wakasema amevuka. Nikajua basi. Wekesa akakanyaga mafuta, akasema sasa ni Bungoma moja kwa moja.

Bungoma hatukufika. Bosi alikuwa Kimilili. Alikuwa ameketi kando ya kile kibanda cha chai, palepale pikapu iliposimama, palepale nilipomvua gunia. Mwenye kibanda akatuambia yuko hapo tangu jana. Anainuka, anaenda hatua chache upande huu, anarudi. Anaenda upande ule, anarudi. Nyayo zilikuwa zimechubuka. Ilinichukua muda kuelewa. Njia yote kutoka kwangu mpaka pale alikuwa anaijua, kwa sababu aliiona. Kutoka pale kwenda kwao ilikuwa ndani ya gunia.

Nilikaa chini palepale kwenye udongo, na ovaroli yangu. Nilifungua mdomo nimwambie pole, na kilichotoka kilikuwa Kitaita. Sikukipanga. Nikamwambia pole, nikamwambia mzee amehama, kule hakuna mtu, kisha nikaona siwezi kunyamaza tena. Nikamsimulia jinsi Mwakio alivyoondoka na jinsi nyumba ilivyokuwa kubwa siku hiyo. Nikamsimulia Baba alivyokuwa akimwita mbwa wake kutoka ng'ambo ya bonde. Nikamsimulia hata goti lako. Nililia, ndiyo. Shemeji, usiruke hapo. Wekesa alisimama pembeni. Bosi hakuelewa hata neno moja, lakini alinitazama mpaka nikamaliza, na tangu mwanzo wa mwaka hakuna aliyenisikiliza namna ile. Mwenye kibanda akaleta andazi bila kuombwa. Nikalikata, nikampa kwa mkono. Akala.

Wakati wa kurudi alikaa mbele, kati yangu na Wekesa. Lile gunia, lililokuwa bado nyuma ya pikapu, nililiacha kibandani.

Sasa tunaishi. Kiswahili nimeacha kumsemesha, na Kibukusu nimewaachia wenyewe. Namwambia kaa, toka jikoni, njoo, yote kwa Kitaita, na ameanza kushika. "Njoo" anaijua vizuri. Jioni huketi langoni akitazama upande wa Kiminini. Simzuii. Mimi nami huketi karibu naye na kutazama, ila sina hakika kwetu ni upande gani. Kwa hiyo likizo ya Desemba nimeamua nitapanda mabasi ya mchana, nikae dirishani, na nisilale hata kidogo. Bosi atabaki na Wekesa, amekubali, ingawa anadai nimlipe kuku.

Nisalimie kaka Mwang'ombe, na umwambie asiuze lile jembe la Baba kabla sijafika. Nisalimie shangazi wa kwaya, sauti yake naikumbuka kila Jumapili huku tunapoimba nyimbo zilezile kwa mwendo mwingine. Watoto wa kaka wote, hata yule aliyezaliwa nikiwa huku ambaye hanijui. Na ukimwona Mwakio sokoni Wundanyi, mwambie kitanda chake hakijapata mtu.

Mama, nina ombi moja. Barua hii ikishakufikia na nikapiga simu, tusianze na mvua. Nitaiweka simu karibu na lile sikio la Bosi lenye pengo. Wewe mwite kwa jina, halafu umwambie njoo, kwa lugha yetu, kwa sauti kubwa kama ulivyokuwa ukituita sisi tukiwa bondeni na giza linaingia. Nataka kuona kama atainuka.

Mimi nitainuka, hilo nalijua.

Mwanao,
Mwadime