Neno la Daktari Mlangoni mwa Thieta

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwinshehe Mfaume. Umri: miaka 53. Kabila: Mzaramo. Dini: Muislamu. Elimu: darasa la tano. Kazi: fundi wa kuchomelea mageti. Makazi: Chang'ombe, Temeke.

Mie ni mjomba wa Khalfani, mliyemweka mahabusu, na wa mdogo wake Talha, aliyepasuliwa. Mama yao, Mwanabaraka, ni dada yangu, tumbo moja. Mageti yote toka Chang'ombe mpaka Boko nimechomelea mie, hata la hapa kituoni lina mkono wangu. Koplo anasema hilo tuliache.

Mnamo tarehe 14/6/2025, saa nne asubuhi, Talha aliingizwa thieta, kidole tumbo kimepasuka. Daktari mpasuaji, Dokta Projestus, alitueleza kwa upole ila mbiombio. Nikawafafanulia dada na Khalfani, maana nilikuwaga msimamizi wa upasuaji wa ngamia kule Bagamoyo, na ngamia alipoamka akadai chai. Dada akasema, "Kaka, leo nyamaza."

Tukakaa kwenye benchi. Feni inazunguka polepole, harufu ya dawa inakuja inaondoka, mwanga wa dirishani umelala sakafuni kama maji. Nadhani nilisinzia. Nikamwona Talha, mdogo tena, kavaa kanzu ya Iddi, anapita mlango wa thieta bila kuufungua, ananipungia mkono. Nilipozinduka mlango ukafunguka kweli, akatoka daktari, nguo za kijani, barakoa chini ya kidevu, kama anaelea. Akasema, "Poleni sana, wazazi. Tumejitahidi. Sasa amepumzika."

Afande, kwetu sie mtu akishapumzika, kinachotafutwa ni sanda.

Hakuna aliyeuliza. Dada alishuka chini taratibu, kanga ikimfuata. Sauti zote zilipotea, nikawa naona midomo tu. Nikapiga simu nyumbani watandike mikeka. Khalfani akamkamata daktari kola, "Umemfanya nini mdogo wangu?" Akamsukuma. Daktari akajigonga mlangoni, mdomo ukapasuka. Ngumi hakupigwa. Ningempiga mie, hata mlango usingebaki. Walinzi wakamzoa Khalfani, mkamleta huku.

Alipokwishaondoka, mlango ukafunguka tena. Kikatoka kitanda cha magurudumu, Talha juu yake, macho nusu. Akauliza, "Mama, nani kafa?"

Nesi Gladness akashangaa, "Mnalia nini? Si mmeambiwa amepumzika? Ni dawa ya usingizi tu."

Dada akamshika Talha miguu. Hakuiachia mpaka wodini. Mie nikapiga tena simu nyumbani, wakunje mikeka.

Daktari alikuwa pembeni, pamba mdomoni. Akasema, "Mzee wangu, nilimaanisha amelala."

Nikamwambia, "Dokta, ukitoka mlango ule, anza na 'yuko hai'. Mengine yafuate." Akaitikia kwa kichwa.

Khalfani hayajui hayo. Nimemwona sasa hivi nyuma ya nondo, anamsomea mdogo wake Yasini. Mmenikataza kusema naye mpaka nimalize kuandikisha. Haya, nimemaliza, nendeni mkamwambie. Ila chondechonde, msimwambie amepumzika.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Sina la kuongeza, ingawa ninalo.

Sahihi ya shahidi: M. Mfaume

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Vaileth, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Mahabusu ameambiwa hivi: "Mdogo wako yuko hai." Ameomba nirudie. Nimerudia.